Piano, Fidla na Selo: Kwa Nini Trio ni Kazi Ngumu Kuliko Inavyosikika

Tarehe 13 Julai 1955, kwenye tamasha la Tanglewood huko Lenox, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, wanamuziki watatu walipanda jukwaani kuziba nafasi ya wengine. Trio iliyokuwa imepangwa, ikiitwa Albeneri, ilishindwa kupiga. Walioitwa badala yake walikuwa Menahem Pressler kwenye piano, mwenye miaka 31. Daniel Guilet kwenye fidla, aliyezaliwa 1899 na ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake Pressler. Na Bernard Greenhouse kwenye selo, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti, mwenye miaka 39. Walipiga kazi za Beethoven tupu. Kikundi chao, Beaux Arts Trio, ndiyo kwanza kilikuwa kinatokea hadharani, na hakikuvunjwa hadi Septemba 2008.

Miaka 53. Kwa kwateti ya nyuzi, yaani kikundi cha fidla mbili, viola na selo, umri huo ungesifiwa, ila usingemshangaza mtu sana. Kwa trio ya piano ni jambo la nadra mno. Historia ya trio imejaa watu mashuhuri waliokutana kwa majuma machache, wakarekodi sahani mbili tatu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Wengi hudhani chanzo ni majivuno tu. Majivuno yamo, na tutafika huko. Lakini mzizi wa tatizo umo ndani ya vyombo vyenyewe. Piano, fidla na selo havilingani kwa nguvu, havitoi sauti kwa namna moja, na hata havikubaliani nota fulani iwe juu kiasi gani. Usawa tunaousikia kwenye trio nzuri hutengenezwa upya kila mstari, kwanza na mtunzi kwenye karatasi, halafu na masikio ya wapigaji. Nitaufafanua usawa huo kwa kufuata vyombo, kisha watunzi, kisha hawa watu watatu wa Tanglewood.

Tuanze na jina. Muziki wa chumba ni muziki wa vikundi vidogo, ambamo kila mpigaji ana sehemu yake peke yake na hakuna kondakta wa kuwaongoza. Ukisikia "trio ya piano" usifikirie piano tatu: ni piano moja, fidla moja na selo moja.

Vyombo visivyolingana

Piano kubwa ya leo ina funguo 88 na nyuzi zaidi ya 200, zilizovutwa kwa nguvu inayofikia kama tani 20, na kinachozizuia zisiivunje mbao ni fremu ya chuma. Fidla ina nyuzi nne juu ya sanduku la mbao jembamba lisilofika nusu kilo. Selo nayo ina nyuzi nne, na bahati yake mbaya ni kwamba sauti yake inakaa katikati kabisa ya eneo la piano, pale ambapo mikono miwili ya mpiga piano huwa na kazi nyingi. Fidla inaweza kupanda juu ikasikika. Selo ikiimba katikati huku piano ikishuka kwa vidole kumi, inamezwa.

Hilo ni suala la nguvu, na ndilo jepesi kulitambua. Gumu zaidi ni namna sauti inavyozaliwa. Kwenye piano, nyundo ikishaupiga uzi, nota huanza kufifia papo hapo. Mpigaji hana tena njia ya kuikuza. Mwenye upinde anaweza kuanza kimya, akaivimbisha nota, akaibana, akaiachia. Sasa fikiria wimbo uleule unaanza kwenye piano, kisha fidla inaupokea. Fidla ikiupiga kwa raha yake, nota zikivimba katikati, wimbo utasikika kana kwamba ni mwingine. Kwa hiyo mpiga fidla hupunguza mkono kuelekea mwisho wa kila nota, aige kufifia kule kwa piano. Naye mpiga piano hupima uzito wa kidole ili kila nota iingie kwenye mkia wa ile iliyotangulia, na sikio lidanganyike kwamba nyundo zimejifunza kuimba. Mazoezi ya trio kwa sehemu kubwa ni haya: watu watatu wanarudia mistari minne mara nyingi, kila mmoja akijaribu kukopa tabia ya chombo cha mwenzake.

Kisha kuna suala la kupatanisha sauti, ambalo wasikilizaji wengi hawaambiwi kabisa. Piano imegawa oktava, yaani umbali wa do hadi do inayofuata, katika hatua 12 zilizo sawasawa. Wataalamu huhesabu kila hatua, yaani nusu toni, kuwa senti 100. Kwa hiyo kutoka do hadi sol kwenye piano ni senti 700. Lakini sikio la mpiga fidla, anapopatanisha nyuzi zake kwa kuzisikiliza mbilimbili, linataka senti 702 hivi, kwa sababu hapo ndipo nyuzi mbili zinapotulia bila kutetemeshana. Tofauti ya senti mbili ni ndogo mno. Tatizo ni kwamba inajumlishwa. Selo ina nyuzi A, D, G na C, na kila uzi uko umbali wa do hadi sol kutoka kwa mwenzake. Ukianza na A ya piano ukashuka hatua tatu safi hadi C, uzi ule mnene wa chini utakuwa karibu senti sita chini ya C ya piano. Uzi wa juu kabisa wa fidla, E, utakuwa senti mbili juu ya E ya piano. Uzi wa C wa selo na uzi wa E wa fidla vikipigwa wazi kwa pamoja, huku piano ikiwa na nota hizohizo, sikio linahisi kitu kimekaa upande.

Kwenye kwateti ya nyuzi hili halina madhara, maana wote wanne wanaweza kusogeza kidole kwa unywele na kukutana njiani. Na piano? Piano haisogei. Ilipatanishwa na fundi mchana na itabaki hivyo hadi tamasha liishe. Waliozoea taarabu ya Unguja wanalijua jambo hili kwa upande mwingine: kwenye vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, fidla na kanuni (ala ya nyuzi nyingi) zinaweza kufuata robo toni za maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ilhali akodiani ya kawaida imefungwa sauti zake kiwandani, na wapigaji wanajua ni nyimbo gani iachwe ipumzike. Kwenye trio piano haiwezi kuachwa ipumzike kwa muda mrefu. Kwa hiyo mpiga selo hubana kidogo umbali kati ya nyuzi zake ili C isizame, na mpiga fidla naye huwa macho na E yake. Wanapopiga nota moja pamoja na piano, wanaifuata piano. Inaponyamaza, wanaruhusiwa kurudi kwenye usafi wao wenyewe, na piano ikirejea wanahama tena. Hayo yote hutokea ndani ya sekunde, bila mtu kusema neno.

Hata kukaa kwao kuna shida. Mpiga piano yuko nyuma, wenzake mbele yake wakiwaelekea wasikilizaji, kwa hiyo anachoona zaidi ni mabega. Ishara ya kuanza hutolewa kwa pumzi: mpiga fidla anavuta hewa na kuinua upinde, na kasi ya pumzi ile ndiyo kasi ya muziki. Ukirekodiwa vizuri, muziki wa chumba una pumzi zinazosikika waziwazi. Mimi huzipenda.

Watunzi walivyolitatua, mmoja baada ya mwingine

Joseph Haydn hakuziita kazi zake "trio" kama tunavyosema leo. Wachapishaji waliziuza kama sonata za piano zenye kusindikizwa na fidla na selo, na ukitazama karatasi utaona kwamba jina hilo lilisema kweli. Piano ndiyo inayobeba habari. Fidla hupata nafasi za kuimba. Selo, kurasa kwa kurasa, inarudia nota zilezile za mkono wa kushoto wa piano. Wapigaji wengi wa selo huzikwepa kazi hizi, wakiona kwamba ni dharau kulipwa nauli hadi ukumbini kwenda kurudia besi ya mwenzako.

Naona wanakosea, na sababu iko kwenye piano ya wakati ule. Piano za Vienna na London za miaka ya 1790 zilikuwa na fremu ya mbao, funguo chache, na besi nyembamba iliyokufa haraka. Selo iliipa besi ile urefu. Nota ya piano ilitoa ncha, upinde wa selo ukatoa mwili. Sikiliza mstari huo kwa makini hata kwenye piano ya leo, utakuta selo ikibadilisha rangi ya sauti nzima bila kujitangaza. Haydn aliandika trio zake bora akiwa amekwishapita miaka 60, nyingi zikitokana na safari zake za London. Tatu alizitunukia kwa Rebecca Schroeter, mjane aliyekuwa rafiki yake wa karibu huko, na moja kati yake inamalizika kwa ngoma ya mtindo wa Kigipsi ambayo hadi leo ndiyo trio yake inayopigwa kuliko zote. Nyingine tatu zilimwendea Therese Jansen, mpiga piano hodari aliyefunga ndoa London mwaka 1795, Haydn akiwa miongoni mwa mashahidi. Ukiona ugumu wa sehemu ya piano kwenye trio hizo, unajua Haydn alikuwa anamwandikia mtu aliyemheshimu.

Mozart aliipa selo ulimi zaidi katika trio zake za 1786 na 1788. Beethoven akaenda mbali. Mwaka 1795, akiwa na umri wa miaka 24, alichagua trio tatu ziwe Opus 1, yaani kazi zake za kwanza kuzipa namba rasmi, akazifanya ziwe na sehemu nne kama simfoni. Mwanafunzi wake Ferdinand Ries alisimulia baadaye kwamba Haydn alizisifu, ila akamshauri asiichapishe ile ya tatu, iliyo katika ngazi ya C ndogo, akihofia watu hawataielewa. Beethoven aliichapisha, na ndiyo aliyoiona bora.

Trio kubwa kuliko zote za Beethoven ni Opus 97, aliyoiandika 1811 na kumtunukia mwanafunzi na mfadhili wake Archduke Rudolf, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, ndiyo maana watu huiita "Archduke". Hapa usawa unafikiwa kweli. Piano inafungua kwa wimbo mpana, tulivu, kisha nyuzi zinaingia, na kuanzia hapo huwezi kusema nani mwenye nyumba na nani mgeni. Ilisikika hadharani kwanza tarehe 11 Aprili 1814, katika hoteli moja ya Vienna, Ignaz Schuppanzigh akiwa kwenye fidla, Josef Linke kwenye selo, na Beethoven mwenyewe kwenye piano. Masikio yake yalikuwa yameharibika vibaya. Mtunzi na mpiga fidla Louis Spohr, aliyesikia mazoezi ya trio nyumbani kwa Beethoven katika kipindi hicho, aliandika kwamba piano haikuwa imepatanishwa, kwamba kwenye nguvu alizigonga funguo hadi nyuzi zikagongana, na kwenye upole alizigusa kidogo mno hata mafungu ya nota yakapotea kabisa. Huwezi kupata ushahidi wa wazi zaidi kwamba trio inasimama kwa kusikilizana. Aliyeutunga usawa ule kwenye karatasi hakuweza tena kuutekeleza mikononi, na hiyo ikawa moja ya mara zake za mwisho kupiga mbele ya watu.

Baada ya hapo piano ikaanza kukua. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alisajili fremu ya chuma ya kipande kimoja. Mwaka 1859 kampuni ya Steinway ilisajili piano kubwa yenye nyuzi zinazopishana, besi zikipita juu ya zile za kati. Sauti ikawa nene na ndefu, inayojaza ukumbi wa watu elfu mbili. Selo, iliyoitwa mwanzoni ije kuisaidia piano dhaifu, sasa ilihitaji kuokolewa kutoka kwa piano hiyohiyo.

Pyotr Tchaikovsky aliliona jambo hilo kama halina dawa. Mwaka 1880 mfadhili wake, Nadezhda von Meck, alimwomba trio. Nyumbani kwake mama huyo alikuwa ameajiri trio yake mwenyewe, na mpiga piano wake alikuwa kijana Mfaransa wa miaka 18 aitwaye Claude Debussy. Tchaikovsky alikataa. Alimwandikia kwamba sikio lake haliwezi kuvumilia piano ikichanganywa na fidla au selo, kwa sababu sauti hizo hazichanganyiki. Kisha Machi 1881 rafiki yake, mpiga piano Nikolai Rubinstein, akafariki Paris. Alipotaka kumwombolezea, Tchaikovsky aliona hawezi kufanya hivyo bila piano, na chombo alichokuwa amekikataa kikawa ndicho pekee kilichofaa. Trio yake ya Opus 50 ilikamilika mapema 1882. Ni ndefu, inakaribia dakika 50, na inaanza kwa selo kuimba peke yake juu ya piano inayosogea taratibu. Tangu hapo Warusi wakawa na desturi ya kuomboleza kwa trio: Sergei Rachmaninoff aliandika yake mwaka 1893 Tchaikovsky alipofariki.

Aliyelitatua tatizo kwa akili tupu ni Maurice Ravel. Trio yake aliimaliza Agosti 1914, akiikimbiza kwa haraka kwa sababu vita vilikuwa vimeanza na alitaka kujiandikisha jeshini. Alikuwa mwembamba na mfupi mno, na baada ya kukataliwa aliishia kuwa dereva wa lori la jeshi karibu na Verdun mwaka 1916. Njia yake ni hii: anaipeleka fidla juu na selo chini, zikiimba wimbo mmoja kwa umbali wa oktava mbili, na katikati ya hizo mbili anauacha mkono wa kulia wa piano. Hakuna anayemkanyaga mwenzake, kwa sababu kila mmoja amepewa sakafu yake. Ukifumba macho utadhani wanaopiga ni watu saba au wanane.

Dmitri Shostakovich naye, katika trio yake ya pili ya 1944, aliamua kuupindua mpangilio wote. Rafiki yake Ivan Sollertinsky alikuwa amefariki Februari mwaka huo. Trio inaanza na selo peke yake, lakini iko juu kabisa, kwenye sauti nyembamba za filimbi zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza. Fidla inaingia ikiwa imezibwa, chini ya selo. Piano inakuja ya mwisho, kwenye nota nzito za chini. Aliyezoea kuwa besi yuko juu, mwimbaji wa juu yuko katikati. Ukiisikia kwa mara ya kwanza unaweza usitambue ni chombo gani kinachopiga. Kwa mpiga selo, kurasa zile za mwanzo ni miongoni mwa za kutisha kuliko zote: kidole kikihama kidogo tu, sauti inapasuka, na hakuna mtu wa kujificha nyuma yake.

Mashuhuri watatu, na trio moja

Kwa ugumu wote huo, ungetarajia kazi hizi zipigwe na vikundi vinavyoishi pamoja. Hali ilikuwa kinyume. Sehemu za piano za Tchaikovsky na Ravel ni ngumu kama konseto, yaani kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra, kwa hiyo waandaaji wa matamasha waliwaita mastaa.

Trio iliyowashinda wote kwa sifa mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya Alfred Cortot (piano), Jacques Thibaud (fidla) na Pablo Casals (selo). Walianza kupiga pamoja Paris kabla ya Vita vya Kwanza, na rekodi zao za 1926 hadi 1928, hasa Schubert na "Archduke", bado zinasikilizwa. Lakini walikuwa watu wenye kazi zao, na trio ilipewa majuma kadhaa kwa mwaka. Vita vya Pili vikazidi kuwatenganisha. Casals alikataa kurudi Hispania ya dikteta Franco, akaishi uhamishoni Prades, kusini mwa Ufaransa. Cortot aliutumikia utawala wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, na kwenda kupiga Ujerumani mwaka 1942. Baada ya vita alizuiwa kupiga kwa mwaka mmoja. Thibaud alifariki kwenye ajali ya ndege milimani Alps mwaka 1953. Casals na Cortot walipiga pamoja tena Prades mwaka 1958, wakiwa wazee.

Marekani nayo ilikuwa na Arthur Rubinstein (piano), Jascha Heifetz (fidla) na Gregor Piatigorsky (selo), waliopiga Ravinia, karibu na Chicago, mwaka 1949. Rubinstein alisimulia kwenye kumbukumbu zake kwamba yeye na Heifetz walizozana kuhusu jina la nani litangulie kwenye matangazo. Rekodi zao ni za kusisimua. Sikiliza Tchaikovsky yao, utasikia watu watatu wa ajabu, kila mmoja akiwa amesimama kwenye mwanga wake.

Beaux Arts ilianza bila umashuhuri huo. Pressler alikuwa na mkataba wa kurekodi na kampuni ya MGM, akataka kurekodi trio za Mozart, akamtafuta Guilet. Guilet, mzaliwa wa Urusi aliyekulia Paris, alikuwa amepiga fidla ya pili katika kwateti ya Calvet, kisha akawa kiongozi wa wapiga fidla kwenye okestra ya kampuni ya redio ya NBC chini ya kondakta Arturo Toscanini. Ndiye aliyemleta Greenhouse. Naye Greenhouse alikuwa kiungo hai na trio ya zamani, maana baada ya vita alikwenda Ufaransa kusoma kwa Casals.

Greenhouse alisimulia mara nyingi somo moja. Casals alimtaka ajifunze Bach kwa kumwiga kabisa: upinde uleule, vidole vilevile, pumzi zilezile. Greenhouse akafanya kazi kwa majuma hadi wote wawili wakaweza kupiga pamoja na kusikika kama mtu mmoja. Hapo Casals akamwambia aweke selo chini asikilize, akapiga kipande kilekile kwa upinde tofauti, vidole tofauti, misisitizo tofauti, na kikawa kizuri vilevile. Kwanza umjue mwenzako hadi uweze kuwa yeye, kisha uwe huru. Sidhani kuna maandalizi bora zaidi kwa mtu atakayekaa miaka 32 kwenye trio.

Pressler alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, Desemba 1923, katika familia ya Kiyahudi yenye duka la nguo. Duka liliharibiwa usiku wa Novemba 1938 wakati Wanazi walipowavamia Wayahudi nchi nzima. Mwaka 1939 alitoroka na wazazi wake na ndugu zake kupitia Trieste hadi Palestina. Babu, bibi, wajomba na binamu waliobaki waliuawa. Mwaka 1946 alishinda mashindano ya Debussy huko San Francisco, na kuanzia 1955, mwaka uleule wa Tanglewood, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Indiana, Bloomington.

Kikundi kilibadilika. Guilet alipostaafu mwaka 1968 aliingia Isidore Cohen, aliyetoka kwenye kwateti ya Juilliard, akakaa hadi 1992. Greenhouse aliondoka 1987 akarithiwa na Peter Wiley. Baada ya Cohen alikuja Ida Kavafian. 1998 wakaja Young Uck Kim na Mbrazili Antonio Meneses. 2002 Daniel Hope, mzaliwa wa Durban, akachukua fidla. Jumla ni wapiga fidla watano, wapiga selo watatu, na mpiga piano mmoja.

Je, bado ilikuwa trio ileile? Nasema ndiyo, na jibu liko kwenye karatasi za muziki. Mpiga fidla na mpiga selo huwa na sehemu zao tu mbele yao, mstari mmoja mmoja. Mpiga piano husoma kurasa zenye sehemu zote tatu, ndiyo maana kuna mtu wa kumfunulia. Kwa miaka 53 Pressler aliona kila usiku wenzake walipopaswa kuwa, na aliyejiunga upya alikuta mtu anayeijua sehemu yake kabla yeye mwenyewe hajaitoa kwenye mkoba. Sauti ya Pressler pia ilikuwa nyepesi na ya mviringo. Hakuwa mpiga piano wa kujaza ukumbi kwa ngurumo, na pale ambapo wengine wangewafunika wenzao, yeye aliacha nafasi. Ndiyo maana rekodi zao za trio za Haydn, walizozikamilisha kwa kampuni ya Philips mwishoni mwa miaka ya 1970, ni za thamani kubwa mno. Kazi ambazo mastaa walizidharau zilipata watu waliokuwa tayari kurudia besi kwa upendo.

Tamasha lao la mwisho Marekani lilifanyika palepale Tanglewood, Agosti 2008, na la mwisho kabisa Lucerne, Uswisi, Septemba mwaka huo. Pressler hakustaafu. Januari 2014, akiwa na miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza na okestra ya Berlin Philharmonic. Alifariki London Mei 2023, miezi michache kabla ya kutimiza 100.

Kama unataka kuingia kwenye muziki huu, anza na Haydn yao, ile trio inayomalizika kwa ngoma ya Kigipsi. Ni ya robo saa tu. Mara ya kwanza fuata fidla, kwa kuwa ndiyo inayojitokeza. Mara ya pili isahau fidla, sikiliza chini, pale selo inapotembea na mkono wa kushoto wa piano, na utafute ni nota zipi Greenhouse anazirefusha baada ya piano kufifia. Ukishaweza kuzitenganisha sauti hizo mbili, nenda kwa "Archduke", sehemu ya tatu, ambayo ni wimbo wa polepole unaobadilishwa mara kadhaa na kila chombo kwa zamu yake. Shostakovich iache hadi hapo, na utumie spika nzuri au vifaa vya masikioni, kwa sababu zile sauti za selo za mwanzo ni nyembamba mno kwa spika ya simu.